Paa Nililoezeka Bila Kibali

Kabula mwanangu,

Ya chandarua, ya sabuni, ya kutolala kwa watu usiowajua, mama yako ameshakuambia, na jioni hii nimemsikia akiyarudia ulipokuwa unafunga sanduku. Hapo sina la kuongeza. Kesho asubuhi basi litakupeleka Mwanza, kwenye chuo chako cha uuguzi, na mimi pale stendi nitajifanya nahangaika na kamba za mizigo. Wewe unanijua. Jambo likiwa zito huwa natafuta kitu cha kushika mkononi. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mdomo wangu umekuwa mzito mbele yako tangu ulipokuwa darasa la tano. Unajua kwa nini, ingawa hatujawahi kulitaja, si mezani, si shambani, si hata siku ile ulipopasi kidato cha nne na nyumba nzima ilikuwa inaimba. Ni habari ya paa. Wewe uliona kipande chako. Mimi nataka nikueleze na vile vipande ambavyo hukuviona, kwa sababu ukiondoka na kipande chako peke yake, utafikiri kosa lilikuwa lako.

Unakumbuka nilikuwa karani wa kupima pamba kwenye chama cha ushirika. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, chama kikakosa pamba, na sisi makarani tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri. Nilisubiri hadi nikaona aibu. Asubuhi nilikuwa navaa shati la kazini, natoka, nazunguka sokoni, narudi mchana kama mtu aliyetoka ofisini. Mama yako alilifua lile shati kila Jumamosi bila kuniuliza lilichafukia wapi. Kisha mnunuzi mmoja akanichukua niwe wakala wake, nizunguke vijijini hadi huko Sola na Maswa kukusanya pamba. Msimu wa kwanza ukanyooka. Wale walionicheka wakaanza kunisalimia kwa mbali, "Mwangaluka, bosi!" Nami nikaipenda ile salamu kuliko nilivyopaswa.

Mawakala wote walikuwa wanajenga miaka ile. Ukipita barabarani ulikuwa unaona mapaa mapya yenye migongo minne, yameinuka, bati zinang'aa mpaka unafumba macho. Letu lilikuwa la mgongo mmoja, bati zimeshika kutu, limelalia uani kwetu. Halikuwa baya. Mvua ikinyesha, maji yote yalishuka upande wetu na kujaza mapipa ya mama yako. Upande wa pili, ule wa ukuta mrefu, halikudondoka hata tone. Na upande huo ndiko alikokuwa Mzee Ramadhani.

Wewe humhitaji mtu akueleze Mzee Ramadhani ni nani, lakini ngoja niandike hata hivyo, nimtaje vizuri kwa mkono wangu. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja Bariadi na cherehani moja, akaoa, akazeeka hapa. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha pembeni, kile kilichopakana na sisi, kwa sababu dirisha lake lilikuwa na mwanga wa asubuhi. Sare zako zote za shule alishona yeye. Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyekusuka nywele kila Jumapili mchana ukitoka kanisani, na katika mwezi wao wa kufunga wewe ulikuwa unarudi nyumbani na uji wa futari mdomoni. Kati ya nyumba zetu palikuwa na kichochoro, mtu alipita ubavuubavu. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi, imepakwa chokaa. Yetu pia ilikuwa hivyo zamani, kabla sijapata hela za msimu ule.

Mama yako ndiye aliyesema niende kuuliza. "Mjini hapa si kwa baba yako Sola," aliniambia. "Kaulize kama kuezeka upya kunataka kibali." Nikaenda ofisi ya ujenzi ya wilaya. Afisa alikuwa mtu mpole. Aliniuliza nataka kufanya nini hasa.

"Kubadili paa," nikamwambia. "Bati zimeoza."

"Unatoa bati unaweka bati? Juu ya mbao zilezile, umbo lilelile?"

"Ndiyo."

"Basi hayo ni matengenezo. Umetujulisha, inatosha, nenda kaezeke. Lakini ukibadili umbo la paa, au ukiinua ukuta, au maji yakaanza kushukia mahali pengine, hapo sharti ulete ramani, tuje tuone kwanza, tukupe kibali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ni bati kwa bati tu."

Nilimwambia hivyo, Kabula, na kichwani nilikuwa nimeshalichora paa la migongo minne. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikusema ukweli. Kibali hakikuwa kitu cha kushindikana. Ningechorewa ramani, ningengoja kidogo, angekuja kuangalia. Lakini nilijua atakachokiona akija. Angesimama kwenye kile kichochoro, angetazama juu, angetazama chini, angeniuliza maji ya upande huu yanakwenda wapi. Sikuwa na jibu, ndiyo maana nilimkwepa mwenye swali. Watu husema "sikujua". Mimi nilijua. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya mengine yote.

Mafundi wakaezua paa la zamani. Wakaongeza kozi za tofali juu ya kuta, wakasimamisha kenchi, mbao za kubeba paa jipya. Mzee Ramadhani akatoka nje, tepu yake ya kupimia nguo shingoni, akasimama akiangalia. Akaniita pembeni, maana hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake mbele ya mafundi.

"Baba Kabula, hongera. Nyumba inapendeza."

"Asante, mzee."

"Nauliza tu. Huu mgongo unaoangalia kwangu, maji yake yatakwenda wapi?"

"Nitaweka gata, mzee. Yote yatakingwa, yaelekezwe mbele barabarani."

"Ah, basi. Kama kuna gata, hapana neno."

Gata sikuweka. Hela iliisha kwenye bati za rangi na kwenye ile nguzo ya zege ya mapambo pale barazani ambayo wewe ulikuwa unaiparamia. Nikasema nitaweka msimu ujao. Mama yako akanikumbusha mara ya kwanza, nikamjibu vizuri. Akanikumbusha mara ya pili, nikamwambia, "Wewe umeolewa kwangu au kwa Ramadhani?" Hakunikumbusha tena. Ukimwona mama yako amenyamaza siku nyingine, usidhani hana neno. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza, na sijivunii somo hilo.

Mvua za vuli zikaja. Maji ya nusu ya paa letu yalikuwa yanashuka kwenye kile kichochoro kama mtu anayemwaga ndoo, yanagonga chini, yanarukia ukutani kwake. Siku moja nilitoka nikamkuta yule mzee ameinama humo ndani, ubavuubavu, suruali imekunjwa hadi magotini, jembe amelishika karibu na bapa kwa sababu hakuna nafasi ya kuliinua. Alikuwa anachimba mfereji wa kupitisha maji yangu. Ameegemeza na vipande vya bati kuukuu ukutani.

"Mwadila, mzee," nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Najaribu kuyaonyesha njia haya."

Nikapita. Nilikuwa na viatu vipya. Nikapita, mwanangu.

Masika ndiyo yaliyomaliza kazi. Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, watu wameanza kutoka barazani. Ule mshindo uliusikia nawe. Ukuta wa kile chumba cha cherehani ulilainika chini kama ugali, ukajikunja, ukaangukia ndani. Tulikimbia wote. Tulimtoa Mzee Ramadhani chini ya tofali, mguu wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Nilimbeba mimi na vijana wawili wa jirani, tukampakia kwenye pikapu ya pamba, nikakaa naye nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, hadi hospitali.

Watu wakanisifu. Walisema ona jirani mwema. Sasa nikuambie nilichokuwa nafikiri kule nyuma ya pikapu, wakati yule mzee anauma kitambaa asipige kelele. Nilikuwa nafikiri: Je, kuna mtu atainua macho alitazame paa? Hilo ndilo nililokuwa nalo. Sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Mama Zuhura akaenda kulalamika ofisi ya ujenzi. Hakuwa na ugomvi, aliambiwa na watu kwamba ndiyo haki yake. Yule afisa wa kwanza alikuwa amehamishwa. Akaja mwingine, kijana, hakuwahi kuiona nyumba yetu kabla. Akaingia kichochoroni, akatoka na tope kwenye viatu, akasimama uani kwetu. Mama yako alikuwa shambani. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda unabangua karanga. Mama Zuhura alisimama mlangoni, ushungi wake kichwani, mikono ameifumbata.

"Mzee, hili paa lina kibali?" akaniuliza yule kijana.

"Halikuhitaji kibali. Niliuliza ofisini kwenu, nikaambiwa bati kwa bati ni matengenezo."

"Ni kweli, kama umbo halikubadilika. Lilikuwa na umbo hili tangu zamani?"

"Hivihivi."

"Huyu mama anasema lilikuwa la mgongo mmoja, linamwaga maji uani hapa."

"Ana majonzi, mumewe yuko hospitali. Simlaumu."

Kijana akatazama huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa unajua, lakini nusu ya mtaa ilikuwa inaniuzia pamba ya ndugu zao, na nusu nyingine ilitarajia msimu ujao. Hakuna aliyesogea. Ndipo akakuona wewe. Akachuchumaa mbele yako, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, watoto hawadanganyi. Paa lenu zamani lilikuwaje?"

Hukumjibu yeye. Ulinitazama mimi.

Sikusema kitu. Nimejitetea kwa hilo muda mrefu: kwamba sikukwambia useme uongo, sikufungua mdomo. Lakini mimi na wewe tunajua nilikutazama vipi. Nilikutazama kama ninavyomtazama ng'ombe anapotaka kuingia shamba la mtu. Ukainamisha kichwa, ukarudi kwenye karanga zako, ukasema, "Lilikuwa hivihivi."

Mama Zuhura alikuwa amekusuka juzi yake. Mistari ilikuwa bado mipya kichwani. Akakuangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema neno moja, "Sawa." Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Kijana aliandika kuwa ukuta ulianguka kwa uchakavu, na mwenye nyumba abomoe uliobaki kabla haujamwangukia mtu mwingine. Yaani yule aliyeumia ndiye aliyeamriwa. Jioni ile nikakununulia soda. Nilikutuma mwenyewe uende kuichagua dukani, na ulipokuja nayo nikakuambia, "Wewe ni mtoto wa akili." Uliinywa yote, ukarudisha chupa. Nikamwambia moyo wangu, mtoto ameshasahau. Baadaye ndipo nilipoanza kuona kwamba Jumapili ukitoka kanisani unakuja moja kwa moja nyumbani, na kwamba umemwomba mama yako akunyoe.

Mzee Ramadhani alitoka hospitali anatembelea gongo. Cherehani ile ilikuwa ya miguu, na mguu wa kulia haukusukuma tena. Wakakaa kidogo kwenye vyumba viwili vilivyobaki, kisha binti yao Zuhura, aliyeolewa Nyashimo, akaja kuwachukua. Siku wanapakia vitu nilikuwa safarini vijijini. Niliipanga safari hiyo makusudi.

Kuna siku moja nyingine ambayo imenikaa. Ulikuwa kidato cha pili. Mkuu wa shule akaniita akasema umedanganya mbele ya walimu ili kumficha rafiki yako aliyevunja vifaa vya maabara. Nilikuja na hasira, nikakusimamisha chini ya dirisha la ofisi, nikapaza sauti watu wasikie: "Nani amekufundisha uongo? Kwetu nani mwongo?" Hukulia, hukujibu. Uliniangalia tu, ukaniangalia hadi mimi nikageuza macho. Nikarudi nyumbani kwa miguu ingawa nilikuwa na baiskeli, naikokota. Njia nzima nilikuwa natafuta jibu ambalo ungeweza kunipa lenye heshima zaidi ya ule ukimya. Sikulipata.

Babu yako kule Sola alijenga nyumba nyingi za nyasi na hakuwahi kuona karatasi ya kibali. Lakini nakumbuka, kabla hajachimba shimo la nguzo, alikuwa anazunguka kwa kila jirani: ng'ombe wako wanapita wapi, maji yako yanashukia wapi, nikiweka mlango hapa nitakuwa nimekuchungulia? Mimi nikafika mjini nikadhani kibali ni ubwana wa serikali, kitu cha kukwepa mtu akiwa mjanja. Kumbe ilikuwa ni kuulizwa kulekule kwa jirani. Mjini tumekuwa wengi, tumemwachia mtu mmoja aulize kwa niaba yetu. Niliyemdanganya pale ofisini hakuwa afisa.

Sasa sehemu usiyoijua kabisa. Wiki iliyopita nilisema naenda kuangalia bei za mpunga. Nilikwenda Nyashimo. Niliulizia fundi cherehani mwenye gongo, nikaonyeshwa mara moja. Nilimkuta barazani, anatia vifungo kwa mkono, na Mama Zuhura amekaa kwenye ileile cherehani, yeye ndiye anayeisukuma siku hizi. Wamezeeka. Walinikaribisha kiti. Mama Zuhura akaniletea maji ya kunywa kabla sijasema neno.

Nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya lile paa. Halikuwa hivihivi. Nililibadilisha, na nilijua maji yatakuja kwenu."

Mzee akaendelea na kifungo chake, akakimaliza, akakata uzi kwa meno. "Baba Kabula," akasema, "ukuta ni udongo. Ungeanguka siku moja. Mguu nao, nimeshauzoea. Mimi sikukuchukia kwa ukuta."

Mama Zuhura akasimamisha cherehani. "Mimi nilikuchukia," akasema. "Sitakuficha. Si kwa mguu wa mume wangu. Nilikuchukia kwa ajili ya yule mtoto. Nilimsuka mwenyewe, kichwa chake nakijua. Nilimwona anavyokutazama, anakuomba umwachie aseme. Hukumwachia." Akaishusha sauti. "Hajambo lakini?"

Nikamwambia hajambo, anakwenda kusomea uuguzi. Akafunika uso kwa kanga, sijui alikuwa analia au anacheka. Mzee akasema, "Alhamdulillahi. Basi mwambie sisi hatukumwandika yeye kwenye jambo hili. Hata siku ileile hatukumwandika." Nilimuuliza anataka nifanye nini. Hakutaka kitu kwangu. Alisema tu, "Kuna watu wengine wamenunua kiwanja kile, wana watoto. Bado maji yanashukia huko?"

Bado yanashukia, Kabula. Miaka yote hii.

Juzi nikaenda ofisi ya ujenzi. Nikamwambia afisa aliyepo kwamba paa langu lilijengwa bila kibali na kwamba nilidanganya mara tatu, mara mbili mimi mwenyewe na mara moja kwa kinywa cha mtoto. Alinishangaa, akaniambia nilete ramani ya paa lenye kukinga maji upande wangu, wapitie, na kwa sasa niezue ule mgongo. Mafundi wanaanza kesho ukishaondoka. Mtaa utauliza, nami nitajibu. Nimeanza kwa mama yako. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilidhani nitakufa sijalisikia," akaenda kukukaangia karanga za safari.

Huko uendako utavaa sare nyeupe, na siku moja kitu kitaharibika kwenye wodi. Atakuja mtu kuuliza kilikuwaje, na pembeni atakuwepo mkubwa wako mmoja, pengine mtu unayempenda, hatasema kitu, atakutazama tu. Utalijua jicho hilo. Ulishakutana nalo kwangu. Sikuambii ufanye nini. Sina haki hiyo. Nataka ujue tu kwamba yule mkubwa, akishapata alichotaka, hatalala vizuri, na hatakupenda zaidi kwa hilo. Atakuwa anakukwepa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama nilivyokukwepa wewe, ng'wana wane, mwanangu, na wewe ukadhani baba amekuchoka.

Uongo ule ni wangu. Wewe uliutamka tu. Kama umekuwa ukiubeba, utue hapa hapa, mlangoni, kabla hujapanda basi.

Basi lako linapita Nyashimo. Barazani kwao panaonekana kutoka barabarani, upande wa kushoto ukielekea Mwanza, na huwa linasimama pale watu wanunue samaki. Mama Zuhura aliniuliza siku unayosafiri, nikamwambia. Ukitaka kushuka uwasalimie, shuka. Usipotaka, kaa kwenye kiti chako. Sikutumi. Nilikutuma mara moja, inatosha.

Baba yako.